Mazao Yanayolala Shambani Wakati wa Baridi

Mtu aliyezaliwa katika nchi yetu ya Kenya huyahesabu majira kwa mvua. Masika yakikaribia, jembe hunolewa. Vuli ikikaribia, mbegu hutolewa darini. Na mvua isipokuja, kazi husimama. Lakini ziko nchi ambazo mkulima wake hana wasiwasi mkubwa wa mvua, kwa kuwa hunyesha karibu kila mwezi. Kinachomtawala yeye ni baridi, pamoja na urefu wa mchana. Nchi moja ya namna hiyo ni Uingereza. Huko, katika miezi ya Oktoba na Novemba, majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na watu wengi wenye bustani husafisha zana zao na kuziweka ghalani. Wakati huohuo wako wengine ambao huchukua jembe na kwenda kupanda. Hupanda vitunguu saumu na maharagwe mapana, mimea ambayo itakaa ardhini baridi yote na kuvunwa joto litakaporudi mwaka unaofuata.

Kwa mara ya kwanza jambo hili huonekana kama kichekesho. Nani atakayetia mbegu nzuri katika udongo unaokaribia kuganda? Lakini mtu akilichunguza ataona ya kuwa ni hesabu ya watu wenye akili, na hesabu hiyo ina mafundisho hata kwa mkulima wa Meru au wa Kinangop, ambaye theluji huiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya.

Mwaka wenye pengo

Vitabu vyetu vya Kiswahili mara nyingi hutumia neno "vuli" kutafsiri majira yale ya kupukutika majani, na "kipupwe" kwa majira ya baridi. Msomaji asipotezwe na maneno. Vuli yetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na ni wakati wa mimea kuota. Vuli ya Uingereza ni wakati wa ardhi kufunga mlango wake. Mjini London, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri, hata mchana wote haufiki muda wa saa nane. Mwezi wa Juni mchana huzidi saa kumi na sita. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna saa kumi na mbili hivi za mchana mwaka mzima, kwa hiyo si rahisi kwetu kufikiri jinsi mabadiliko hayo yanavyoitawala mimea. Baridi ikizidi na mwanga ukipungua, mimea mingi husimama kabisa kukua, ijapokuwa haifi.

Kwa sababu hiyo mwaka wa mkulima wa Uingereza una pengo ndani yake. Kabichi na mboga nyingine zilizovumilia baridi huanza kwisha au kutoa maua mwezi wa Aprili, na zile zilizopandwa baada ya baridi bado ni changa. Basi Aprili, Mei na mwanzo wa Juni, wakati miti imevaa majani mapya na nchi inapendeza macho, ndio wakati bustani ina chakula kidogo kuliko nyakati nyingine. Waingereza wana jina la pengo hilo, na katika jina hilo mna neno njaa. Hata sisi twalijua jambo hili. Mahindi yaweza kuwa mabichi na mazuri shambani, huku ghala ni tupu na watoto wanauliza kitakacholiwa jioni.

Maharagwe mapana ni mojawapo ya mazao yanayolijibu pengo hilo. Yakipandwa Machi au Aprili huvunwa Julai hivi. Yakipandwa Novemba, huanza kuvunwa mwishoni mwa Mei au katika Juni. Tofauti ya majuma machache yaonekana ndogo katika karatasi, lakini si ndogo katika sufuria ya mama mwenye watoto.

Mafunzo ya vita

Kabla ya Vita Kuu vya Pili, Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nchi za ng'ambo. Vita vilipoanza mwaka 1939, meli zikawa zikizamishwa baharini, na serikali ikawahimiza raia walime kila kipande cha ardhi kilichopatikana. Viwanja vya michezo vililimwa, bustani za maua zililimwa, na hata handaki linaloizunguka ngome ya Tower of London lilipandwa mboga. Mfano mmoja wa shida ya wakati ule ni vitunguu vya kawaida. Vingi vilikuwa vikiletwa kutoka Brittany katika Ufaransa na kutoka visiwa vilivyo karibu nayo. Wajerumani walipoziteka sehemu hizo mwaka 1940, kitunguu kikawa kitu adimu mno jikoni, na watu ndipo walipotambua thamani ya kitu walichokuwa wakikidharau.

Raia wengi walikuwa na mahali pa kuanzia kwa sababu ya sheria ya zamani. Sheria ya mwaka 1908 iliyapa mabaraza ya miji na vijiji wajibu wa kutoa viwanja vidogo ambavyo watu wasio na ardhi waweza kuvikodi na kulima chakula cha nyumbani. Kiwanja cha kawaida kilipimwa kama sehemu moja ya kumi na sita ya eka, yaani meta 250 za mraba hivi. Viwanja hivyo viko mpaka leo, na ndivyo mahali pa kuona vizuri upandaji huu wa Novemba. Hapo mtu asiye na trekta wala kibarua, mwenye jembe lake tu na siku yake ya Jumamosi, hulima chakula cha jamaa yake.

Kitunguu saumu huihitaji baridi

Mazao haya mawili hupandwa katika majira yaleyale, lakini sababu zake si moja, na asiyejua tofauti hiyo huenda akapata hasara. Kitunguu saumu huihitaji baridi. Maharagwe huivumilia tu.

Asili ya kitunguu saumu ni nchi za Asia ya kati, ambako majira ya baridi ni makali na majira ya joto ni makavu. Mmea huu ni nadra kutoa mbegu zinazofaa, kwa hiyo hupandwa kwa punje zake. Punje ikikaa ardhini katika baridi ya kati ya sifuri na digrii 10 za sentigredi, kwa mwezi mmoja au miwili, hupata kama amri ya kujigawanya. Mchana unaporefuka na joto kurudi, hujigawa na kuwa kichwa kizima chenye punje nyingi. Ikikosa baridi ya kutosha, yaweza kukua na kutoa majani mazuri, lakini mkulima aking'oa hukuta kitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje ndani yake. Huliwa vizuri, lakini hakikuzidisha kitu: amepanda kimoja, amevuna kimoja.

Namna ya kupanda ni hii. Kichwa huvunjwa punje siku ileile ya kupanda, si mapema. Punje kubwa za nje huchaguliwa kwa shamba, na ndogo za katikati hupelekwa jikoni. Udongo uwe laini, usiotuamisha maji, na wenye mboji au samadi iliyooza zamani. Kila punje huwekwa upande wa mizizi ukiwa chini na ncha ikiwa juu, na ncha hiyo ifunikwe kwa udongo wa inchi moja. Kati ya punje na punje huachwa inchi 6, na kati ya mstari na mstari futi moja. Mahali penye udongo mzito wa mfinyanzi, wenye busara hupanda juu ya matuta ili maji yapite. Baada ya hapo kazi ni palizi tu, kwa maana majani ya kitunguu saumu ni membamba na hayawezi kuyashinda magugu kwa kivuli chake.

Mavuno huwa Juni au Julai, majani ya chini yanapogeuka manjano. Mmea hauvutwi kwa nguvu, bali huinuliwa kwa uma wa shamba ili kichwa kisichubuke. Kisha vichwa hukaushwa mahali penye hewa na pasipo mvua kwa majuma mawili au zaidi. Kichwa kilichokaushwa vema hukaa miezi mingi bila kuoza.

Hapa ndipo hesabu ya mbegu inapoonekana. Kichwa chenye punje 10 nzuri chaweza kuleta vichwa 10. Maana yake ni kwamba mkulima hapaswi kuweka zaidi ya kichwa kimoja katika kila kumi ili shamba lake lisipungue mwaka ujao. Lakini kichwa hicho kimoja hapana budi kiwe kile kilicho bora kuliko vyote. Anayeuza vikubwa na kupanda vibaya vilivyobaki, kila mwaka atapokea vidogo zaidi, naye atailaumu ardhi. Kosa hilo si la Uingereza peke yake. Wako watu wetu wanaopanda viazi vile vilivyokataliwa sokoni, kisha hushangaa mazao yanapopungua.

Maharagwe huivumilia baridi

Maharagwe mapana si kama maharagwe yetu ya kawaida, ambayo asili yake ni Amerika na ambayo hufa kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Haya ni jamaa ya mimea ya zamani sana ya nchi zilizo karibu na Bahari ya Kati. Misri huyaita ful, na maskini kwa tajiri huyala asubuhi. Ethiopia huyalima kwa wingi katika nyanda zake za juu. Shina lake ni la pembe nne, lasimama lenyewe bila kutambaa, na maua yake ni meupe yenye doa jeusi.

Mbegu hutiwa inchi 2 chini ya udongo, zikiachana inchi 8 au 9. Aghalabu hupandwa mistari miwili miwili iliyo karibu, kisha huachwa njia ya futi 2 kabla ya mistari miwili mingine. Si kila aina hufaa kwa kazi hii. Aina mashuhuri ya kupandwa kabla ya baridi ni Aquadulce Claudia, ambayo imelimwa tangu karne ya 19.

Katika maharagwe haya, siri ni wakati. Yakipandwa mapema mno, mmea huwa mrefu na laini kabla ya Desemba, na upepo au theluji huuvunja. Yakipandwa kwa kuchelewa katika udongo uliolowa na kupoa, mbegu huoza kabla ya kuota. Mmea unaofaa kuingia katika baridi ni ule wa inchi 2 au 3 juu ya ardhi, wenye mizizi iliyokwisha kushika. Mdogo huyo huinama chini ya theluji, na theluji ikiyeyuka husimama tena. Hata hivyo, mwaka wa baridi ya ajabu, kama ule wa 1963, waweza kuviua hata vilivyopandwa kwa werevu wote. Kwa hiyo mkulima mwangalifu huweka sehemu ya mbegu zake kwa ajili ya Machi, asitegemee bahati moja.

Adui na dawa zake

Panya hufukua maharagwe kabla hayajaota, na ndege hung'oa ncha za vitunguu saumu wakidhani ni kitu cha kuliwa. Mkulima hufunika mistari kwa wavu mpaka mizizi ishike. Majira ya joto yakija, wadudu weusi wadogo waitwao vidukari hujaa katika ncha laini za maharagwe na kuzifyonza. Hapa kupanda mapema kuna faida nyingine, kwa sababu vidukari wanapozidi, mmea wa Novemba umekwisha kutoa maganda na ncha zake si laini tena. Maganda ya chini yakianza kutunga, mkulima hukata ncha ya juu ya kila shina, na hivyo huwanyima wadudu makao yao. Ncha hizo, zikiwa safi, hupikwa kama mchicha.

Kitunguu saumu kina ugonjwa wa kutu, unaotia madoa ya rangi ya chungwa katika majani, na ugonjwa mbaya zaidi wa uozo mweupe, unaoshika mizizi. Uozo huo ukiingia katika udongo waweza kukaa humo miaka 15 au 20 ukingoja kitunguu kingine. Hakuna dawa ya kuuosha. Kinga yake ni kununua mbegu safi kwa mtu anayeaminika, na kutopanda vitunguu vya namna yoyote mahali pamoja mwaka hata mwaka.

Maharagwe husaidia katika kubadilisha mazao. Katika mizizi yake mna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu mna bakteria ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walilithibitisha jambo hili mwaka 1888. Kwa hiyo mavuno yakiisha, shina hukatwa juu ya ardhi na mizizi huachwa ioze humo, na kabichi inayofuata huikuta karamu imekwisha kuandaliwa.

Neno la tahadhari

Kabla ya mtu yeyote kukimbilia mbegu za maharagwe mapana, lipo jambo moja alijue. Wako watu ambao damu yao ina upungufu wa kitu kimoja kiitwacho kwa kifupi G6PD. Upungufu huo huzaliwa nao, na waonekana zaidi katika nchi zenye malaria, kwa kuwa humpa mtu kinga kiasi dhidi ya ugonjwa huo. Wataalamu waliutambua upungufu huo mwaka 1956 walipokuwa wakichunguza watu waliodhuriwa na dawa ya primaquine, na mwaka 1960 Bwana A. C. Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha habari zake katika watu wa Afrika Mashariki. Mtu mwenye upungufu huo akila maharagwe mapana, hasa mabichi, chembe nyekundu za damu yake zaweza kuvunjika. Si kila mmoja hudhurika, lakini anayedhurika huenda akapata macho ya manjano, mkojo mweusi na udhaifu mwingi, na hapana budi apelekwe hospitali upesi. Wanaume hupatwa zaidi kuliko wanawake, na watoto ni wa kuangaliwa zaidi. Ikiwa katika jamaa yako yumo aliyepata kuambiwa na daktari kwamba ana upungufu huu, usimpe chakula hiki.

Tuige nini?

Basi mkulima wa Kenya aige nini katika haya? Kwanza na aseme asichoiga. Asipande Novemba kwa sababu tu Waingereza wanapanda Novemba. Kalenda ile ni ya nchi ile. Kitunguu saumu hustawi kwetu katika sehemu za juu zenye ubaridi, kama Meru na Nakuru, nacho hupandwa kwa kufuata mvua au maji ya kumwagilia. Mtu wa nchi ya joto akinunua kichwa chochote sokoni na kukipanda, huenda akapata majani tu, au kitunguu kimoja kisichogawanyika. Kumbuka kwamba kingi cha kitunguu saumu kinachouzwa katika miji yetu hutoka China, nayo ina mchana mrefu na baridi ambayo sisi hatuna. Kukifaa kwa kula si kukifaa kwa kupanda. Yafaa kutafuta mbegu ya aina iliyokwisha kuzoea nchi yetu, na kumwuliza afisa wa kilimo, yule ambaye wazee wetu walimwita Bwana Shamba. Wako pia wakulima wanaoweka punje za mbegu mahali pa baridi kwa majuma kadhaa kabla ya kuzipanda, na kwa njia hiyo huupa mmea ile amri ambayo hali ya hewa haikuupa.

La kuiga ni fikira. Mkulima wa Uingereza ameitazama adui yake mkubwa, yaani baridi, akauliza: ni mmea upi unaomhitaji adui huyu, na upi unaoweza kumvumilia? Kisha akatazama mwezi wa njaa katika mwaka wake, akarudi nyuma kwa vidole mpaka siku ya kupanda. Mkulima wa Machakos au wa Kitui anaye adui wake pia, ambaye ni ukame, naye mwezi wake wa njaa anaujua vizuri kuliko mtu yeyote atakayemwandikia gazetini. Mtama, mbaazi na muhogo si mazao ya watu wa kale waliokosa maarifa. Ni majibu ya swali lilelile, na wale walioyaacha yote kwa ajili ya mahindi wameona mara nyingi jinsi ghala linavyonyamaza mvua inapokatika.

Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini akiba iliyo bora si ile ya ghalani tu. Ipo pia ile iliyokwisha kutiwa ardhini kwa wakati wake, ikakaa kimya huku wengine wakisema haitaota.